Sigara Haijawahi Kumpasha Mtu Joto

Kuna uongo unaorithishwa wilayani Rungwe kila msimu wa mvua, na umezoeleka kiasi kwamba hata wasiovuta wanautetea: eti huku kwetu sigara ni dawa ya baridi. Utausikia Masukulu, utausikia stendi ya Tukuyu kwa waendesha bodaboda wa alfajiri, utausikia kwa wachuma chai wanaoingia shambani majani yakiwa bado yanadondosha maji. "Bila fegi huku utaganda," kijana anaambiwa na wakubwa zake, kisha anapewa ya kwanza bure. Nauita uongo, wala sitafuti neno la upole zaidi, kwa sababu anayeambiwa hivyo mara nyingi hajafika hata umri wa kupiga kura.

Baridi yenyewe ni ya kweli. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kupita zote Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua ikipungua mwezi Juni unaingia ukungu na upepo wa kipupwe. Mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri akaingiza miguu kwenye gambuti zilizolala na unyevu hahitaji kuambiwa kwamba baridi ni mawazo tu. Anachohitaji ni kuelezwa ukweli wa hicho anachokiwasha.

Ukivuta moshi, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 20 hivi. Mwili humwaga adrenalini, moyo hukimbia, na mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi husinyaa, hasa ya vidole vya mikono na miguu. Sasa joto la mwili hubebwa na nini kama si damu? Ikipungua vidoleni, vidole hupoa. Wataalamu wamewawekea wavutaji vipimajoto vidoleni tangu karne iliyopita, na majibu yao ni yale yale: mtu akivuta, vidole vinapoteza joto. Juu ya hayo, moshi una gesi ya kaboni monoksidi inayokalia nafasi ya oksijeni kwenye damu, kwa hiyo hata ile damu kidogo inayofika inafika ikiwa maskini. Ule moto mwekundu unaouona kwenye ncha unaishia pale pale kwenye ncha.

Mbona basi mvutaji anasikia nafuu? Hapa ndipo watu wengi wazima wamedanganyika, na hawastahili kuchekwa. Kiwango cha nikotini mwilini hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi. Aliyevuta ya mwisho saa nne usiku anaamka alfajiri mwili ukiwa unaidai: ana wasiwasi, hana raha, mikono haitulii, hasira iko karibu. Nje kuna baridi, basi anaipa baridi lawama yote. Akiwasha ya kwanza, dai linatulia, naye anasema amepata joto. Ni kama mikopo ya kausha damu, ambapo mtu anakopa leo ili alipe deni la jana halafu anamshukuru mkopeshaji. Jirani yake asiyevuta aliamka kwenye baridi ile ile na hakudaiwa chochote.

Upo ugonjwa unaoitwa Buerger, kwa jina la daktari Leo Buerger aliyeueleza mwaka 1908 huko New York. Mishipa ya damu ya mikono na miguu inavimba na kuziba, vidole vinauma, vinabadilika rangi, mwishowe vinaweza kuoza hadi kukatwa. Si ugonjwa wa kawaida, lakini wanaoupata karibu wote ni watumiaji wa tumbaku, na tiba yake ya kwanza ni kuacha tumbaku kabisa. Mkulima wa Rungwe anaishi kwa vidole vyake. Anachuma chai kwa vidole, anakamua ng'ombe kwa vidole. Kumwambia alinde vidole hivyo na baridi kwa sigara ni kumtendea ukatili.

Lakini linaloniuma kuliko yote ni la ndani ya nyumba. Mvua inaponyesha mfululizo, baba havutii barazani. Anavutia sebuleni, au jikoni karibu na moto, mlango umefungwa, dirisha limefungwa, watoto wamekaa hapo hapo kwa sababu nao wanatafuta joto. Moshi wa kuni peke yake ni mzigo wa kutosha kwa mapafu ya mtoto. Ukiongeza na wa sigara unamkaribishia nimonia, kikohozi kisichokwisha na pumu. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kwa mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawavuti; walivuta hewa ya wenzao. Baba anayesema anajipasha joto amekaa katikati ya hesabu hiyo pamoja na wanawe.

Najua nitajibiwa kwa yule mzee. Kila kijiji kina mzee wa miaka 85 mwenye kiko mdomoni. Namheshimu mzee huyo, lakini waliovuta naye wakafa na miaka 55 hawapo barazani kutoa ushahidi wao. Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa Uingereza kuanzia mwaka 1951 kwa miaka 50, na walikuta kwamba walioendelea kuvuta walikufa mapema kwa wastani wa miaka 10. Aliyeacha akiwa na miaka 60 aliokoa mitatu hivi. Aliyeacha na 50, sita. Aliyeacha na 30 aliiokoa karibu yote. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba amechelewa.

Na joto tunalo. Rungwe inalima chai, na majani yanayotoka kwenye mashamba yetu yanasindikwa hapa hapa Katumba na Mwakaleli. Ina maziwa, ina ndizi za kupika mbalaga, ina kahawa. Pesa ya sigara za siku nzima inatosha kikombe cha maziwa ya moto na kitu cha kutafuna, na anayekwenda shambani ameshakula ana joto ambalo mvutaji mwenye njaa hatalipata. Vaa sweta la mtumba, anika gambuti usiku, badilisha nguo iliyolowa mara tu ufikapo nyumbani; nguo mbichi inanyonya joto la mwili kuliko nguo kavu.

Kuacha kunauma, hasa siku tatu nne za mwanzo. Ila hamu ikipanda hudumu dakika chache, kisha hushuka hata usipovuta. Chagua siku, mwambie mwenzako wa nyumbani na watoto, na kwa mwezi mmoja kaa mbali na kilabu, maana pombe ya kimpumu na sigara huitana. Ukianguka, anza tena kesho yake. Ukishindwa peke yako, nenda zahanati ukaseme waziwazi kwamba umeshindwa.

Wenye maduka nao wasijifiche. Sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, na kisingizio cha "ametumwa na baba yake" hakimo ndani yake. Tarehe 31 Mei ni siku ya kutotumia tumbaku duniani, na huku kwetu ndipo kipupwe kinabisha hodi. Wazazi wa Masukulu, mwaka huu kijana akisema anavuta kwa sababu ya baridi, mpeni sweta na chai ya moto, na mumwambie kwamba aliyemfundisha hivyo alimdanganya.