Kazi za Mikono Nyumbani: Chombo cha Kulishia Vifaranga



Hapa Igawa tunalima mpunga. Mtoto wa mkulima wa mpunga huwajua ndege mapema. Mpunga ukianza kukomaa, huenda shambani kuamia. Hupiga debe. Hupiga kelele. Hurusha mawe kwa kombeo. Kazi yake ni kuwafukuza kweleakwelea. Ndege hao ni wadogo, lakini huja kwa makundi makubwa. Wakitua shambani, jasho la msimu mzima hupotea.

Kuamia ni kazi ya lazima. Lakini siku ya shule mtoto awe darasani, na wakubwa wapange zamu shambani.

Basi mtoto wetu anajua kumfukuza ndege. Je, anajua kumlisha? Kuku naye ni ndege. Leo tutatengeneza chombo cha kulishia vifaranga. Tutakitengeneza pamoja na watoto.

TUHESABU KWANZA

Tuchukue mfano wa mama mmoja. Kuku wake ametaga mayai 12. Mayai 10 yameanguliwa. Baada ya mwezi mmoja vifaranga 3 tu wamebaki. Saba wamekwenda wapi?

Mama atasema, "Mwewe amewachukua." Ni kweli, mwewe huchukua vifaranga. Baridi huwaua. Magonjwa huwaua. Lakini iko sababu nyingine ambayo hatuioni vizuri. Sababu hiyo ni njaa.

Asubuhi mama humwaga pumba chini. Jogoo huja mbio. Kuku wakubwa huja. Shomoro nao huteremka kutoka juu ya paa. Kifaranga akisogea, anadonolewa. Anarudi nyuma. Wakubwa wakishiba, kilichobaki ni vumbi, mchanga na kinyesi. Hicho ndicho chakula cha kifaranga.

Kifaranga mwenye njaa hukosa nguvu. Hawezi kumkimbia mwewe. Hawezi kushindana na baridi wala ugonjwa. Wiki 6 za kwanza ndizo za hatari kubwa. Tukimlisha vizuri katika wiki hizo, tumemsaidia sana.

VITU VINAVYOTAKIWA

Tafuteni vitu hivi:
1. Tenga kuukuu, kama lile la kubebea nyanya.
2. Dumu tupu la mafuta ya kula, la lita 5.
3. Chupa tupu ya maji ya kunywa, ya lita moja na nusu, pamoja na kifuniko chake.
4. Sahani isiyo na kina kirefu.
5. Kifuniko cha chupa ya soda.
6. Kipande cha mkaa, kisu na msumari.

ANGALIA SANA! Usitumie kabisa dumu au chupa iliyokuwa na dawa ya kuulia magugu au wadudu. Vyombo hivyo hutupwa kando ya majaruba na mifereji. Watoto huviokota. Hata ukiosha mara nyingi, sumu inaweza kubaki. Sumu hiyo itamdhuru kuku, na inaweza kumdhuru mtoto anayeshika chombo. Mwonye mtoto wako leo. Akiona chombo cha dawa, asikiguse. Aje kumwambia mtu mzima.

KAZI YA KWANZA: NYUMBA YA KULIA

Geuza tenga, mdomo wake uwe chini. Kata milango midogo 4 kuzunguka tenga, kwenye ukingo ulioko chini. Kila mlango uwe na upana wa vidole 3 vya mtu mzima. Urefu wake uwe kama kiganja. Kifaranga atapita hapo. Kuku mkubwa hatapita. Weka jiwe juu ya tenga ili lisipinduliwe.

Kama hamna tenga, msihangaike. Chomekeni vijiti ardhini kwa duara. Nafasi kati ya kijiti na kijiti iwe vidole 3. Funikeni juu kwa matawi au wavu ili mwewe asiingie.

Mama kuku atakaa nje karibu. Vifaranga wataingia kula, kisha watatoka kwa mama yao.

KAZI YA PILI: CHOMBO CHA CHAKULA

Osheni dumu kwa sabuni na maji ya moto mpaka mafuta yaishe. Lilazeni kwa ubavu.

Sasa ni kazi ya mtoto. Achukue kifuniko cha soda na kukibandika ubavuni mwa dumu. Azungushe mkaa pembeni yake. Amepata duara. Achore maduara mengine, upande huu na upande wa pili. Kati ya duara na duara aache nafasi ya vidole 3. Sehemu ya chini ya kila duara iwe juu ya ardhi kwa upana wa vidole 2.

Mtu mzima ndiye akate maduara kwa kisu. Mtoto asikate. Kingo zisuguliwe kwa jiwe ili zisiwe kali.

Chakula kimiminwe kwa mdomo wa dumu, kisha dumu lifungwe. Msijaze. Jazeni theluthi moja tu. Kifaranga atapitisha kichwa na kudonoa. Hawezi kuparua chakula kwa miguu. Hawezi kukinyea. Vifaranga wakikua, ongezeni ukubwa wa matundu.

KAZI YA TATU: CHOMBO CHA MAJI

Toboa tundu moja ubavuni mwa chupa, karibu na kitako. Tundu liwe juu ya kitako kwa upana wa kidole kimoja. Ukubwa wake uwe kama penseli. Tumia msumari uliopata moto. Hii pia ni kazi ya mtu mzima.

Simamisha chupa katika sahani. Ukingo wa sahani lazima uwe juu zaidi kuliko tundu. Mtoto azibe tundu kwa kidole. Jaza maji. Funga kifuniko mpaka kikaze. Sasa mtoto atoe kidole.

Maji yatatoka, kisha yatasimama. Watoto watashangaa! Waambie sababu. Maji yakifunika tundu, hewa haiwezi kuingia katika chupa. Hewa isipoingia, maji hayatoki. Kifaranga akinywa, maji ya sahani hupungua na tundu huwa wazi. Hewa huingia na maji hutoka tena.

Tia vijiwe safi katika sahani. Vijiwe humzuia kifaranga asizame. Badilisheni maji kila siku.

CHAKULA GANI?

Hapa kwetu hatukosi chakula cha vifaranga. Mashine za kukoboa mpunga hutoa pumba laini na chenga za mchele. Tumia hizo. Usitumie maganda makavu ya mpunga, kwa maana hayana faida kwa kifaranga.

Pumba peke yake haitoshi. Kifaranga anahitaji chakula cha kujenga mwili. Changanya pumba na dagaa waliosagwa, au mashudu ya alizeti. Watoto wanaweza kuleta mchwa. Majani ya mchicha yakatwe vipande vidogo.

Wape kidogo asubuhi na kidogo jioni. Usiku ondoeni chakula kilichobaki kwa sababu huita panya. Chakula chenye ukungu kisitumike. Mtoto akimaliza kulisha, anawe mikono kwa sabuni.

MSISAHAU CHANJO

Chombo kizuri hakizuii mdondo. Ugonjwa huu, ambao wengine huuita kideri, unaweza kumaliza kuku wa kijiji kizima. Kinga yake ni chanjo. Iko chanjo ya matone. Kuku hutiwa tone moja katika jicho. Hurudiwa kila baada ya miezi 3. Lakini chanjo haimponyi kuku ambaye tayari anaumwa. Basi msingoje ugonjwa. Shaurianeni na majirani, kisha mwoneni mtaalamu wa mifugo. Kuku wa kijiji wakichanjwa siku moja, kila nyumba hupata faida.

KUKU WA MTOTO

Mwaka 1975 iliendeshwa kampeni ya redio nchini kote. Iliitwa Chakula ni Uhai. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza na kujadiliana juu ya chakula bora. Waliokuwa watoto wakati ule sasa ni wazee. Fundisho lile bado ni la kweli. Mtoto anayekula yai hujenga mwili wake.

Lakini yai si kitu pekee anachopata mtoto kwa kuku. Mpe kifaranga mmoja awe wake. Akiweke alama. Aandike katika daftari siku alipoanguliwa, siku alipochanjwa na siku alipoanza kutaga. Hapo mtoto anajifunza kuandika, kuhesabu na kutunza. Nawe mzazi uliyejifunza kusoma ukubwani, soma naye daftari hilo.

Baba na mama, tuambiane ukweli. Mara nyingi kuku wa mtoto huwa wake akiwa mdogo tu. Akikua, tunamchinjia mgeni au tunampeleka mnadani. Hatumwulizi mwenyewe. Mtoto hulia siku moja, kisha hunyamaza. Lakini amejifunza kitu. Amejifunza kwamba kazi yake haina malipo. Mwaka ujao ukimwambia alishe kuku, atalisha kwa uvivu.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kama umempa kuku, kuku ni wake. Ukitaka kumwuza, mwulize. Fedha ikipatikana, anunuliwe daftari au sare mbele ya macho yake. Hapo atajua kwamba jasho lina faida. Mtoto wa namna hiyo hatangoja kuambiwa ajaze maji.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika nyumba yako, vifaranga wangapi waliangulika mara ya mwisho? Wangapi walikua?
2. Vyombo vitupu vya dawa za shamba huwekwa wapi kijijini kwenu? Je, watoto wanaweza kuvifikia?
3. Nani katika nyumba yenu huamua kuuza kuku? Je, mtoto aliyemlisha huulizwa?

Jadilianeni. Kisha tafuteni dumu mwanze kazi. Mpaka toleo lijalo.