Idadi ya watu inaanzia kwenye kadi ya kliniki

Tangu matokeo ya Sensa ya 2022 yatangazwe, kila mwenye kipaza sauti ana lake la kusema juu ya Watanzania 61,741,120. Mmoja anashangilia soko na nguvukazi. Mwingine analalamikia madarasa yaliyofurika na mashamba yaliyogawanywa mpaka yamekuwa vipande. Wote wawili huzungumza kana kwamba wanawake wa leo wanazaa kupita mama zao. Nimefanya ukunga Kanda ya Ziwa mpaka nikastaafu, na nasema sivyo.

Kati ya 2012 na 2022 tuliongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka. Kasi hiyohiyo tulikuwa nayo kati ya sensa ya 1967 na ya 1978, tulipotoka milioni 12.3 tukafika 17.5. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Tanzania alizaa kwa wastani watoto zaidi ya sita, na utafiti wa afya wa 2022 umekuta 4.8. Uzazi umeshuka, kasi ipo palepale, kwa kuwa vifo vimeshuka zaidi.

Mama mjamzito akija kliniki kuandikishwa huulizwa maswali mawili yanayofuatana: hii ni mimba ya ngapi, na watoto walio hai ni wangapi. Nilipoanza kazi majibu yake yalipishana mno. "Ya nane, nesi. Wapo wanne." Analijibu la pili akiangalia dirishani, nami naandika. Surua ilikuwa imepita ikachukua wawili wa nyumba moja. Malaria ikamalizia msimu wa mvua, degedege likianza usiku na zahanati iko mbali. Mama huyo ukimshauri apumzike kuzaa, alikutazama kama mtu asiyemtakia mema. Alizaa wanane ili wabaki wanne, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Halafu mambo yakabadilika, polepole na kwa kazi nyingi. Chanjo zilifika hadi chini ya miembe ya vijiji visivyo na zahanati. Ikaja hati punguzo ya chandarua kwa wajawazito, dawa mseto ya malaria, matone ya vitamini A. Mwaka 1999, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa 43. Hao 43 bado wananiumiza, ila tofauti ya hapo katikati ndiyo watu wetu walioongezeka, na sitakubali mtu awaite mzigo.

Uzazi huvifuata vifo, lakini huchelewa. Binti aliyemwona mama yake akizika hakuacha hofu kwa sababu ya bango la Wizara ukutani. Aliiacha alipoona wa kwanza, wa pili na wa tatu wote wanaenda shule. Hapo ndipo alipokuja mwenyewe kuuliza habari za vijiti vya uzazi wa mpango. Wengi walikuja kwa siri ya mume, wakachagua sindano kwa kuwa haiachi kitu cha kupapaswa mkononi. Kadi zao za uzazi wa mpango zilibaki kwenye droo yangu, maana kuzirudisha nyumbani ilikuwa kutafuta ugomvi.

Kwa hiyo siamini amri za jukwaani, za upande wowote. Septemba 2018, akiwa Meatu, Rais John Magufuli alisema hadharani kuwa wanawake sasa waachane na uzazi wa mpango. Utafiti wa 2015-16 ulikuwa umekuta wastani wa watoto 5.2, ule wa 2022, kama nilivyosema, 4.8. Wanawake walimsikia rais wao, kisha wakafuata hesabu ya nyumbani kwao. Na atakayesimama kesho kuagiza wazae wawili tu naye atasikilizwa vivyo hivyo.

Tazama majirani zetu wa Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa huko alizaa kwa wastani watoto kama wanane, miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani. Mwaka 2022 ilikuwa 3.4. Hakuna sheria iliyowalazimisha. Shamba la baba halikugawanyika tena, ada ilipanda, wasichana wakakaa darasani muda mrefu zaidi, huduma zikasogea karibu. Mandera, ambako shule na zahanati ziko mbali na binti huolewa mapema, wastani bado unapita saba, na ni nchi moja yenye serikali moja.

Sisi tutaendelea kuongezeka hata wanawake wote wakiamua leo kuzaa wawili wawili, kwa sababu mama wa kesho wameshazaliwa: zaidi ya wanne kati ya kila Watanzania kumi hawajafika miaka 15. Tunachoweza kuamua ni umri watakaoanzia kuzaa na kama watapata wanachokitaka wakifika dirishani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilikataa jambo hilo mwaka 2016, Mahakama ya Rufani ikakazia 2019, na mwaka uliotolewa wa kurekebisha ukapita bure. Huo ni uzembe unaozaa watoto mikononi mwa watoto.

Na vijiti. Nimewahi kumwambia mama aliyetembea tangu alfajiri kwamba vimeisha, arudi mwezi ujao. Alirudi baada ya miezi mitatu, akaniomba nimfungulie kadi ya wajawazito. Mbunge anayetaka kujadili idadi ya Watanzania aanze kwa kuuliza ni zahanati ngapi jimboni kwake zina vijiti wiki hii, na anayebisha kuwa havihitajiki akakae siku moja kwenye benchi la kliniki, Jumatatu asubuhi, awasikilize akina mama.