AFCON 2027: Shabiki wa Palma naye ahesabiwe

Timu ya taifa ya soka ya Msumbiji, Mambas, ilisubiri karibu miaka 40 kushinda mechi yake ya kwanza katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON). Ilianzia Misri mwaka 1986, ikapoteza mechi zote tatu bila kufunga hata bao moja. Ikaenda Afrika Kusini 1996, Burkina Faso 1998, Angola 2010 na Ivory Coast mwanzoni mwa 2024. Jumla ni mechi 15, sare nne, ushindi hakuna. Ndipo Desemba 28, 2025, mjini Agadir, Morocco, ikaifunga Gabon 3-2. Kwa mara ya kwanza Mambas wakavuka hatua ya makundi, kabla ya kutolewa na Nigeria kwa mabao 4-0.

Katika mashindano hayo hayo, Taifa Stars ya Tanzania nayo ilifika hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza, ikatolewa na wenyeji Morocco kwa bao 1-0. Majirani wawili wa Mto Ruvuma wamepanda ngazi msimu mmoja. Kwa ninyi mnaovusha mchele, vitenge na dagaa kati ya Palma na Mtwara, hili si jambo la kushangilia kwenye televisheni tu. Lina hesabu yake ya kibiashara, na muda wa kuipiga ni sasa.

Tuanze na umbali. Uwanja wa nyumbani wa Mambas ni Zimpeto, Maputo, zaidi ya kilomita 2,500 kwa barabara kutoka Palma. Ni wachache wanaoweza kufunga duka, kulipa nauli ya siku kadhaa na kulala njiani kwa ajili ya dakika 90. Mtwara haifiki kilomita 100 ukipima kwa mstari ulionyooka, na kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560. Kwa mtu wa Palma, timu yake ya taifa iko karibu zaidi ikicheza ugenini Tanzania kuliko ikicheza nyumbani.

Na imecheza huko mara kadhaa, kwa kishindo. Septemba 2007 Mambas walishinda 1-0 Dar es Salaam, kwa bao la Tico-Tico, na kuzima ndoto ya Taifa Stars ya kwenda AFCON ya 2008. Mwaka 2012 timu hizo zilitoka sare ya 1-1 nyumbani na ugenini, Msumbiji ikapita kwa penalti. Mwaka 2014 zilitoka sare ya 2-2 Dar es Salaam, kisha Mambas wakashinda 2-1 Maputo. Mara tatu katika miaka saba, mlango wa Tanzania ulifungwa na jirani yake wa kusini.

Uhasama huo haukuzuia mchezaji kuvuka mpaka. Luis Miquissone aliifunga Simba akiwa na UD Songo, Agosti 2019, na Wekundu wa Msimbazi wakatolewa Ligi ya Mabingwa Afrika. Miezi michache baadaye Simba wakamsajili. Februari 2021 bao lake likawalaza Al Ahly 1-0 Dar es Salaam. Klabu iliona mali nzuri upande wa pili ikaifuata, kama afanyavyo mfanyabiashara yeyote mwenye akili.

Mwezi mmoja baada ya bao hilo, Machi 24, 2021, Palma ilishambuliwa. Watu walikimbia kwa miguu na kwa mashua, maduka yakaporwa, na Aprili TotalEnergies ikasimamisha mradi wa gesi wa Afungi. Kampuni hiyo ilitangaza kuondoa zuio hilo Novemba 2025. Biashara inarudi, lakini inarudi kwa mji ambao kwa miaka mingi umetajwa kwenye habari kwa sababu ya bunduki tu.

Sasa CAF imewapa Kenya, Tanzania na Uganda uenyeji wa AFCON ya 2027. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mamalishe, wenye nyumba za wageni, wauza jezi, waendesha bodaboda na wabadilisha fedha wa metikali na shilingi wote wana cha kuvuna. Swali ni kama mgeni wa kutoka kusini ataweza kufika. Nchi zote tatu wenyeji ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Msumbiji si mwanachama, iko SADC. Mipango ya mashabiki ikifanywa ndani ya Jumuiya peke yake, mtu wa Palma atabaki ng'ambo ya mto akisikiliza redio.

Kati ya wenyeji hao watatu, Tanzania ndiyo pekee iliyo ndani ya SADC pia. Kwa hiyo jukumu hili ni lake, kwa kushirikiana na Maputo, na mambo matatu yanawezekana kabla ya filimbi ya kwanza. La kwanza ni kibali cha shabiki kinachotolewa mpakani kwenyewe, Kilambo na Mtambaswala, bila kumlazimu mtu kwenda makao makuu ya nchi kutafuta karatasi. La pili ni kivuko cha uhakika Kilambo, chenye ratiba inayojulikana. Daraja la Umoja lililofunguliwa 2010 ni msaada mkubwa, lakini liko mbali bara, halimfai anayetoka pwani. La tatu ni mechi ya kirafiki kati ya Taifa Stars na Mambas katika Uwanja wa Nangwanda Sijaona, Mtwara, kama majaribio ya hayo mawili.

Kuna watakaosema usalama hauruhusu. Hoja hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa. Cabo Delgado bado ina vidonda. Lakini njia rasmi ikiwa ngumu, watu hawaachi kuvuka. Wanavuka kwa mtumbwi usiku, bila jina kuandikwa popote. Shabiki mwenye kibali, aliyepita mbele ya ofisa wa uhamiaji, ni rahisi kumjua kuliko aliyepita mikokoni. Wengine watasema Nangwanda Sijaona haufikii viwango vya CAF. Hakuna anayeomba mechi ya fainali pale. Tunaomba mchezo mmoja wa kirafiki.

Hakuna ajuaye kama Mambas watafuzu. Ila kibali na kivuko havitakuwa na kazi kwa siku za mpira tu. Mfanyabiashara atavitumia Jumatatu baada ya mechi, na mwaka utakaofuata. Ndiyo maana vyama vya wafanyabiashara wa Palma na Mtwara visisubiri mashirikisho ya soka yaanze. Viandike barua ya pamoja kwa serikali zote mbili mwaka huu, wakati bajeti za AFCON bado zinapangwa.