Muziki wa Chuma Usihukumiwe Kabla ya Kusikiwa

Wako watu wazima katika nchi yetu ya Rufiji, nao ni wenye heshima, ambao wakimkuta kijana wa Kibiti anasikiliza muziki uitwao metali, husema mara moja, "Huo ni wa shetani, tena ni wa Wazungu. Uzime!" Maneno haya twayasikia barazani na shuleni. Wazee wetu twawaheshimu, lakini kwa jambo hili twawapinga, maana kadhi amkataaye shahidi kabla hajafungua kinywa hakuhukumu kwa haki.

Kwanza tutazame asili yake. Muziki huu ulipata umbo katika Birmingham, mji wa viwanda huko Uingereza. Tony Iommi alikuwa kijana wa kazi katika kiwanda cha mabati, na mashine ikamkata ncha za vidole 2. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki iliyoyeyushwa, akatumia nyuzi nyembamba za gitaa, na baadaye akazilegeza ili zisimwumize, sauti ikazidi kuwa nzito. Mwaka 1970 yeye na wenzake wa Black Sabbath walitoa santuri yao ya kwanza, waliyoirekodi kwa siku 1 tu. Basi asili ya sauti ile ni jeraha la mtu wa kazi. Shetani anaingia wapi hapo?

Pili, wasema ni wa Wazungu. Mwaka 2019 Martin Khanja na Sam Karugu, vijana wa Kenya waliotoka katika vikundi vya metali vya Nairobi, walirekodi santuri yao Kampala, kwa watu wa Nyege Nyege. Karugu alishika gitaa, na ngoma zikapangwa kwa kompyuta, zikienda mbio ambazo mikono ya mtu yapata taabu kuzifuata. Khanja akapiga mayowe juu yake. Santuri ikatoka Agosti 2020, jina lake Duma. Sisi Waswahili twadhani ni yule mnyama mwenye mbio, kumbe kwa Kikuyu wenyewe wamekusudia giza. Sifa zake zikafika Ulaya. Mwaka 2024 Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, akatoa nyingine, The Adept, akimkumbuka bibi yake mkuu Muthoni wa Kirima, mwanamke wa Mau Mau aliyepata cheo cha jemadari mkuu na kufariki mwaka 2023. Je, mjukuu amliliaye bibi yake aliyepigana msituni, naye tumwite Mzungu?

Hatufichi neno. Katika Duma umo wimbo uitwao Pembe 666, na jina hilo hatulipendi. Lakini sisi watu wa delta twala samaki kila siku, nao wana miiba. Twaitoa miiba, hatumtupi samaki. Na wanaoogopa kelele wasome Zaburi ya 150, waone kama matoazi na ngoma vimekatazwa. Wamsome na Ayubu, aliyeilaani siku ya kuzaliwa kwake, na kilio chake hakikufutwa Kitabuni. Hata ngoma zetu wenyewe, zikiisha kukazwa motoni, husikika ng'ambo ya mto usiku kucha, wala hatusemi zimetoka Ulaya.

Kwa nini twashindana kwa jambo hili? Kwa sababu ya yaliyotupata. Kabla ya mwaka 2017 kwisha, watu wengi waliuawa katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Wenyeviti wa vijiji walipigwa risasi, na tarehe 13 Aprili ya mwaka ule polisi 8 waliuawa Kibiti kwa mara moja. Watu walifunga milango mapema, na jirani aliogopa kumwuliza jirani habari. Tena mwaka 2024 mto ukafurika, ukachukua mashamba na nyumba. Waliokuwa watoto wakati wa hofu ile sasa ni vijana. Wameyaona yote, nasi twawaambia, "Nyamazeni, imbeni nyimbo nzuri." Uchungu uliozuiwa kinywani hauondoki. Hushuka moyoni ukachacha, na kijana aliyechacha moyo ni rahisi kuitwa na watu wabaya.

Hatusemi kila kijana wa Nyamisati apige mayowe kama Khanja. Twasema asihukumiwe kwa kuyapenda. Wale wawili hawakungoja ruhusa ya mtu, wala hawakuwa na mpiga ngoma. Walichukua giza lao wakalitia katika santuri, na leo dunia yalisikia. Vijana wetu wana giza lao, wana ngoma za babu zao, na simu ya mkononi yatosha kurekodi. Wakosacho ni mkubwa wa kuwasikiliza.

Basi, waalimu wenzetu na wazee wetu, kijana akija na kelele zake, keti naye, usikilize hadi mwisho, ndipo useme. Ukiona mwiba, mwonyeshe. Lakini usimzibe kinywa, maana nchi hii imekwisha kuona matunda ya kimya.