i7 si cheo cha jeshi: acheni kuuziana stika

Niliahidi kuendelea na mambo ya hifadhidata, lakini hayo yatangoja kidogo. Leo nina hasira, na sehemu ya hasira yenyewe ni juu yangu mwenyewe.

Mpwa wangu alipopata nafasi ya kusomea sayansi ya kompyuta chuoni, dada yangu alichukua mkopo kwenye chama chake ili kijana apate mashine. Akanipigia simu akiwa katikati ya jiji: "Mjomba, ninunue gani?" Nilikuwa na kazi ya watu mkononi, nikamjibu haraka haraka, "Tafuta i7, utakuwa sawa." Mimi huyu ninayejiita mwandishi wa programu!

Basi kijana akaingia duka moja (silitaji) akakuta mashine mbili za ex-UK. Moja ilikuwa kipakatalishi chembamba, stika ya i7 inang'aa. Nyingine ilikuwa tarakilishi ya mezani, nyeusi, nzito kama sanduku la mkoloni, i5, karibu nusu ya bei hata ukiongeza skrini. Muuzaji akamwambia, "Boss, hiyo i5 ni ya kuchapa barua. Hii ni i7, tena fourth gen." Kijana akalipa. Na mimi ndiye niliyemtuma.

Sasa tufungue boneti. Ndani ya kile kipakatalishi mlikuwa na i7-4600U ya mwaka 2013: viini viwili, nyuzi nne, mwendo wa kawaida 2.1 GHz, na inaweza kuruka hadi 3.3 GHz. Imeundwa kutumia wati 15. Ile ya mezani ilikuwa i5-3470 ya mwaka 2012: viini vinne kamili, 3.2 GHz hadi 3.6, wati 77. Ndiyo, ni ya kizazi cha tatu na mwenzake ni wa nne, lakini ana wafanyakazi wanne na mwenzake ana wawili wanaojigawa mara mbili. Kwa kazi ndogo inayokimbia kwenye uzi mmoja hazitofautiani sana. Fungua Android Studio ukompaili programu ya kweli uone. Ile i5 "ya kuchapa barua" inamwacha i7 njiani akihema.

Tena hiyo 3.3 GHz ya kipakatalishi ni ya kuonjeshwa tu. Prosesa inaruka hadi pale kwa muda mfupi, joto linapanda, wati 15 zinaisha, halafu inashuka. Ongeza vumbi la miaka kumi kwenye feni na ile gundi ya joto iliyokauka zamani, na utaelewa kwa nini mashine inayong'aa dukani kwa dakika tano inakuwa kobe baada ya nusu saa ya kazi. Muuzaji hakuwashii nusu saa, anakuonyesha Windows ikifunguka na kukupigia wimbo mmoja, basi.

Watu huniambia, "Lakini i7 ni i7." Hapana! Kuanzia kizazi cha tatu hadi cha saba, kila Core i7 yenye herufi U mwishoni ilikuwa na viini viwili tu. Kila moja. i7 maana yake ni kwamba ndiyo kubwa katika familia yake, na familia ya U ilikuwa familia ya watu wadogo. Mkubwa wa mbilikimo bado ni mfupi. (Samahani kwa mfano, lakini ndio ulionijia.)

Wazee wenzangu wanakumbuka kwamba tumedanganywa hivi zamani, wakati huo kwa GHz. Mwishoni mwa 2004 ungeweza kununua Pentium 4 ya 3.8 GHz, wati 115, ambayo ungeikaushia nguo. Mwaka huo huo ilikuwepo Pentium M ya vipakatalishi, 2.0 GHz, wati 21, na katika kazi nyingi za kawaida haikuachwa mbali hata kidogo. Siri ilikuwa nini? Ile Pentium 4 ya Prescott ilipitisha kila amri katika hatua 31. Mstari mrefu hivyo hukuruhusu kuongeza MHz za kutangazia, lakini prosesa ikikisia vibaya amri inayofuata, inamwaga kazi yote iliyo njiani na kuanza upya. Oktoba 2004 Intel wenyewe walifuta mpango wa kutoa Pentium 4 ya 4 GHz. Na Core 2 Duo iliyokuja Julai 2006 ilifuata mawazo ya ile Pentium M, kazi ya wahandisi wa Haifa, Israeli. E6300 yenye 1.86 GHz tu ikazifedhehesha Pentium za GHz tatu na zaidi. Wakati huo kijogoo alikuwa wa kipakatalishi, kwa hiyo sisemi ya mezani hushinda daima. Nasema angalieni kilicho ndani.

Hata za mezani zina mitego. Vile visanduku vidogo vya ofisi vinavyoletwa kwa wingi mara nyingi hubeba herufi T. i5-3470T si ndugu pacha wa i5-3470, ina viini viwili. Herufi moja tu, na nusu ya viini imekwenda!

Mnaotaka kipakatalishi lazima (na ninawaelewa, chuo ni kutembea, na stima zikipotea ya mezani inazimika na kazi yako), tafuteni i5-8250U ya 2017. Stika inasema i5, mwendo wa kawaida ni 1.6 GHz, muuzaji ataidharau. Ina viini vinne na nyuzi nane ndani ya wati 15 zile zile, na inaibwaga i7-4600U bila jasho. Pia iko kwenye orodha ya Windows 11, na hilo si dogo, kwa sababu msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Usikubali muuzaji akuambie fourth gen inatosha kwa sababu "ameshakuwekea 11". Ameilazimisha, na siku ikikataa sasisho, yeye hatakuwepo. Au weka Linux, mimi sina ugomvi.

Kabla ya kutoa pesa, washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, ingia sehemu ya utendaji, usome jina kamili la prosesa na idadi ya viini. Andika jina lote, pamoja na herufi ya mwisho, umtumie mtu anayejua. Muuzaji akikunja uso, toka nje, duka lingine liko mlango wa pili.

Kipakatalishi cha mpwa wangu nimekifungua Jumamosi, nikatoa vumbi la kutosha kupanda sukuma wiki, nikabadilisha gundi, nikaongeza memori. Kimepoa, lakini viini ni vile vile viwili. Mkopo wa chama bado una miezi saba, na nimemwambia dada kwamba mitatu ya mwisho nitalipa mimi.