Farrell alistahili kujibiwa, si kufungiwa mlango

Usiku wa Novemba 16, 2012, waandamanaji walijipanga mbele ya milango ya ukumbi wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, ili watu wasiingie kumsikiliza mwandishi wa Kimarekani, Warren Farrell. Waliokuja kusikiliza walitupiwa matusi, polisi wakaja kufungua njia, na mwishowe mhadhara ukafanyika. Tunalikumbusha tukio hilo kwa sababu leo vijana wetu wa kiume, nyumbani na huku ughaibuni, wanasikiliza kwenye simu zao wahubiri wa uanaume walio wakali kuliko Farrell, na wazazi wengi jibu lao ni moja tu: zima hiyo simu.

Farrell hakuanza kama adui wa wanawake. Katika miaka ya 1970 alikuwa kwenye bodi ya tawi la New York la NOW, jumuiya kubwa ya kutetea haki za wanawake Marekani. Kwa maelezo yake mwenyewe, walifarakana juu ya malezi ya watoto baada ya talaka, yeye akitaka baba na mama washirikiane sawa. Mwaka 1993 akatoa kitabu The Myth of Male Power, akidai kuwa huo ubabe wa mwanamume ni hadithi tu, kwani ndiye anayepelekwa vitani, ndiye wa kazi za hatari, na ndiye anayetangulia kaburini.

Hayo yana ukweli wake. Marekani, wanaume wanaojiua ni karibu mara nne ya wanawake. Sisi tulio ugenini tunazijua simu za misiba ya namna hiyo, na jinsi tunavyoambiana kwamba marehemu aliugua ghafla.

Lakini katika kitabu hicho hicho Farrell aliuzungumzia ubakaji baina ya watu waliotoka pamoja kana kwamba ni mchezo wa mapenzi uliobadilishwa jina. Amejitetea kuwa maneno yake yamekatwa kutoka mahali pake. Kwa maoni yetu, hata yakirudishwa mahali pake bado yanampa mbakaji pa kujifichia, na wanawake wa Toronto walikuwa na kila haki ya kukasirika.

Kubeba mabango na kupiga kelele nje ni haki yao pia. Kumzuia mwingine asiingie kusikia ni jambo jingine, na sisi ambao tunaandika kutoka nje kwa kuwa kwetu milango ilifungwa hatuwezi kulishangilia, hata anayefungiwa akiwa ni mtu tusiyekubaliana naye. Tena walipata nini? Farrell alihutubia, na picha za video za purukushani zile zikaenea duniani.

Swali la kumuuliza lilikuwa jepesi: mwanamke akisema hapana, ni hapana au siyo? Lingeulizwa ndani, mbele ya kipaza sauti, na jibu lake tungekuwa nalo mpaka leo.