Arobaini na wawili ni akina nani?

Najua wengi wenu huja hapa kutafuta jinsi ya kuweka Linux kwenye tarakilishi kuukuu, au jinsi ya kurudisha picha zilizofutika kwenye simu. Leo mtanivumilia. Kuna hesabu moja imenikaa kichwani tangu Julai 2024 na kila nikiipiga haitoki.

Hesabu yenyewe ni 42.

Hiyo ni idadi ya wanawake ambao DCI, yaani idara ya upelelezi wa jinai, ilituambia tarehe 15 Julai 2024 kwamba mwanamume mmoja wa miaka 33, Collins Jumaisi Khalusha, alikuwa amekiri kuwaua. Mnakumbuka habari yenyewe. Siku tatu kabla ya hapo, vijana wa Mukuru kwa Njenga walikuwa wameanza kutoa magunia kwenye shimo la machimbo ya mawe la Kware, lililojaa maji na taka. Ndani ya magunia mlikuwa na miili ya wanawake, mingine vipande tu. Polisi walisema waliouawa walikuwa wasichana wa kati ya miaka 18 na 30. Mshukiwa, kwa maelezo yao, alianza 2022 na mauaji ya mwisho aliyafanya tarehe 11 Julai 2024. Wa kwanza, walisema, alikuwa mke wake.

Mimi naishi Riruta, upande mwingine kabisa wa Nairobi. Kutoka hapa hadi Kware ni matatu mbili na foleni. Lakini msichana wa Kawangware na msichana wa Mukuru wanaishi maisha yale yale: chumba cha mabati, simu moja, kibarua kinachopatikana kwa kupigiwa simu na mtu usiyemjua vizuri. Siku ile habari ilipotoka, kwenye matatu ya 46 hakuna aliyezungumzia Mukuru kama mahali pa mbali.

Sasa tupige hesabu. Tuwape polisi muda mrefu iwezekanavyo, tuanze tarehe 1 Januari 2022 hadi 11 Julai 2024. Hizo ni siku 922. Gawanya kwa 42. Ni mwanamke mmoja kila siku 22, kwa miaka miwili na nusu, wote wakitupwa (kwa mujibu wa maelezo hayo hayo) kwenye shimo moja, karibu na chumba alichopanga mshukiwa, na hatua chache tu kutoka kituo cha polisi cha Kware. Miili iliyotolewa ilikuwa tisa au kumi, ikitegemea nani anahesabu na anahesabu vipande vipi. Wale thelathini na kitu wengine wako wapi? Ama bado wako shimoni, ama walitupwa kwingine, ama nambari yenyewe si ya kweli. Hakuna jibu la nne. Na kila moja kati ya hayo matatu ni kashfa inayojitegemea.

Mtu anayeandika programu huzoea jambo moja: ukipewa jumla, unaomba kuona safu zilizojumlishwa. Mteja akiniambia duka lake limeuza bidhaa 42, namwuliza risiti ziko wapi. Polisi walipotaja 42 hawakutoa orodha ya majina 42. Hawakutoa hata orodha ya tarehe. Walitupa jumla, na magazeti yakaichukua, na mimi na wewe tukaichukua, tukaanza kuitaja kana kwamba mtu ameihesabu.

Na kinachoniuma zaidi kama mtu wa teknolojia ni kwamba safu zenyewe zipo. Mshukiwa alikamatwa vipi? Si kwa doria. DCI wenyewe walieleza kwamba walifuata miamala ya pesa iliyofanyika kwenye simu ya mmoja wa wanawake waliopatikana siku aliyotoweka, ikawapeleka hadi kwake, akanaswa saa tisa usiku huko Soweto, Kayole, alikokwenda kutazama fainali ya Kombe la Ulaya. Chumbani kwake walisema walikuta simu kadhaa, kompyuta, vitambulisho na nguo za kike. Yaani laini moja iliyofuatwa ipasavyo ilitoa mshukiwa ndani ya siku tatu.

Basi zidisha. Kenya ilianza kusajili laini za simu mwaka 2010. Leo msichana wa miaka 22 Nairobi bila laini na bila M-Pesa ni nadra kuliko msichana bila viatu. Kila laini ina jina na nambari ya kitambulisho. Kila simu ina IMEI, ile nambari ya tarakimu 15 ambayo haibadiliki hata ukibadilisha laini. Kila laini inapozimika, mnara wa mwisho uliozungumza nayo hubaki kwenye rekodi za kampuni. Kama kweli kuna wanawake 42, basi kuna laini kama 42 zilizonyamaza ghafla, nyingi zikiwa na salio ambalo hakuna aliyelitoa, au zilizotolewa salio na mtu mwingine usiku ule ule. Na kwa kila laini kuna mama au dada aliyepiga mara mia akiambiwa mteja hapatikani.

Ukiwa na jedwali la watu walioripotiwa kupotea, jedwali la miili isiyojulikana katika mochari, na jedwali la laini zilizonyamaza, kuyaunganisha si sayansi ya roketi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anafundishwa hilo. Sisemi kutakuwa na majibu yote. Nasema tungejua kama 42 ni 42, au ni 14, au ni 70.

Tatizo ni kwamba jedwali la kwanza liko kwenye karatasi. Mwaka mmoja uliopita nilimsindikiza jirani yangu, mama wa makamo, kuripoti kwamba bintiye hajaonekana siku tatu. Kituo sitakitaja. Afisa aliandika mistari minne kwenye OB, akampa mama kipande cha karatasi chenye nambari, akamwambia, "Mama, hawa wasichana huenda kwa marafiki. Ngoja wikendi iishe." Hakuuliza nambari ya simu ya binti. Mimi ndiye niliyeisema, na nikamwomba aiandike pembeni. Alinitazama kama mtu anayefundishwa kazi, lakini aliandika. Binti alipatikana salama Rongai, mambo ya kawaida ya kijana na mzazi, Mungu ashukuriwe. Lakini tangu siku hiyo nawaza: je, angekuwa mmoja wa wale? Nambari ya simu ingekuwa wapi? Kitabu hicho kingeongea vipi na kitabu cha kituo kingine kilomita ishirini kutoka hapo, ambako gunia limepatikana?

Nitaongeza jambo ambalo wengi wamelisahau. Jamaa wa mmoja wa wanawake wa Kware waliwaambia waandishi wa habari kwamba marehemu alimtokea ndugu yao ndotoni akiomba atafutwe, ndipo wakaomba vijana wakaingie shimoni. Siwacheki. Nawaza tu kwamba katika nchi inayojisifu kwa pesa za simu, aliyefanya kazi ya kuunganisha majedwali ni marehemu mwenyewe.

Kuna msomaji atakayesema: si alikiri, bwana? Kukiri si data. Wakili wake aliiambia mahakama kwamba aliteswa mpaka akasema alichosema. Sijui kama ni kweli, na sina haja ya kujua ili kushika hoja yangu. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 25A, haiwaamini polisi kirahisi hivyo: maungamo yanakubalika yakitolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa cheo kilichotajwa ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, tena akiwepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Waliotunga kifungu hicho walijua tulikotoka. Rekodi ya mnara wa simu haipigwi kofi. Wakili anaweza kuipinga, mtaalamu anaweza kuikagua, na ikiwa mtu ameichezea, kuna njia za kugundua. Maneno ya mtu aliyekuwa seli unayapima kwa nini?

Tukumbuke pia hali ya nchi wiki zile. Waandamanaji vijana walikuwa wameuawa kuanzia mwezi Juni, wengine walikuwa hawajulikani waliko, na watu wengi walipoona magunia karibu na kituo cha polisi walifikiri moja kwa moja kuwa ni kazi ya polisi. IPOA, mamlaka ya kuchunguza polisi, ilisema itaangalia kama wamehusika. Katika hali hiyo, mtu mmoja mwenye majibu yote 42 alikuwa amefika kwa wakati mzuri mno. Hilo halimfanyi kuwa msafi. Linafanya orodha iwe ya lazima zaidi.

Halafu akatoroka. Asubuhi ya tarehe 20 Agosti 2024, kituo cha polisi cha Gigiri, jirani ya Umoja wa Mataifa na ubalozi wa Marekani, waliamka wakakuta wafungwa 13 hawapo: yeye na raia 12 wa Eritrea. Wavu ulikatwa, ukuta ukarukwa. Kaimu Inspekta Jenerali Gilbert Masengeli mwenyewe alisema walisaidiwa na watu wa ndani. Kabla ya hapo, Oktoba 2021, Masten Wanjala, aliyedaiwa kukiri kuua watoto zaidi ya kumi, alitoweka kituo cha Jogoo Road, na muda mfupi baadaye umati ukamuua Bungoma. Maswali yake yote yalizikwa naye. Angalieni udhaifu wa mpangilio huu. Kama kila tunachojua kuhusu wafu kimehifadhiwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja, mtu huyo akiruka ukuta tumepoteza kila kitu. Katika kazi yangu, anayeweka nakala moja tu ya kumbukumbu za mteja hufutwa kazi.

Mtaniambia maabara zipo. Ndiyo, Rais Uhuru Kenyatta alifungua maabara ya uchunguzi ya DCI kwenye Barabara ya Kiambu mwaka 2022. Sheria pia ipo: Bunge lilipitisha sheria ya kuunda ofisi ya taifa ya kuchunguza vifo vya kutatanisha mwaka 2017, na miaka saba baadaye, magunia ya Kware yalipofunguliwa, ofisi hiyo ilikuwa bado haijaanza kazi. Wakati huo huo kanuni za mochari za umma zinaruhusu kuomba kibali cha mahakama kuuzika mwili usiodaiwa baada ya siku 21. Mmeona yale matangazo gazetini, majina na majina, halafu "mwanamke asiyejulikana", "mwanamke asiyejulikana". Swali langu kwa wakuu wa mochari: kabla ya kuzika, sampuli ya DNA huchukuliwa kwa kila mmoja? Huwekwa wapi, na nani anaweza kuitafuta?

Waliojaribu kuhesabu kwa kweli ni raia. Africa Data Hub na wenzao walikusanya taarifa za magazeti wakapata zaidi ya visa 500 vya wanawake waliouawa kati ya 2016 na 2023, wengi wakiuawa na watu waliowajua. Nawaheshimu sana. Lakini fikirini, hifadhidata bora ya mauaji ya wanawake nchini inatokana na vipande vya magazeti. Mwanamke ambaye hakuandikwa gazetini hakufa.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu, nalo ni la faragha. Sitaki polisi wawe na uwezo wa kufungua rekodi za simu za kila mtu wapendavyo, hasa polisi hawa, hasa baada ya 2024. Sihitaji hilo. Ninachotaka ni laini za watu ambao familia zao zimekuja kituoni zikilia na kutoa idhini, kwa amri ya hakimu, kesi kwa kesi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haizuii hilo. Na haraka inahitajika, kwa sababu ushahidi wa aina hii huoza kama mwili: laini isiyotumika hufungwa, kisha nambari huuzwa upya kwa mtu mwingine. Huenda sasa hivi kuna kijana anatumia nambari ya mmoja wa wale 42 na anashangaa ni mama gani huyu anayempigia kila Jumapili.

Basi ninachoomba DCI ni kidogo. Toeni orodha. Kama majina hayawezi kutajwa hadharani kwa heshima ya familia, toeni idadi: wangapi kati ya 42 wamelinganishwa na ripoti ya OB, wangapi na DNA, wangapi na rekodi za simu, wangapi ni maneno ya mshukiwa peke yake. Nambari nne tu.

Kwa wasomaji, jambo la kiufundi kabla sijazima mashine. Bonyezeni *#06# kwenye simu zenu. Itatokea IMEI, mbili kama simu ni ya laini mbili. Iandikeni mahali ambapo mtu wa nyumbani anaweza kuipata, pamoja na nambari za laini zote. Mkienda kuripoti mtu aliyepotea, semeni nambari hizo kwa sauti na hakikisheni zimeandikwa kwenye OB, hata kama afisa atawatazama vibaya. Za nyumbani kwetu nimeziandika nyuma ya kalenda, simu tano, na mama jirani amekuja jana na simu ya bintiye nimwandikie yake pia.